Chuo Kikuu cha Binafsi Lubumbashi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Gharama na Faida Yake Kazini

Kila mara matokeo ya Mtihani wa Serikali, ule wa kumaliza sekondari, yanapotangazwa, swali moja hurudi katika nyumba za Katuba, Kampemba, Ruashi na Bel-Air: mtoto aende Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU), au familia ijibane na kulipa chuo cha binafsi? Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya mzazi anayelipa na kijana anayesoma, kwa sababu mara nyingi hawa wawili huamua pamoja huku kila mmoja akiwa na taarifa ambazo mwenzake hana. Msimamo wetu tunauweka wazi tangu mwanzo: jina la chuo halitoshi kuwa msingi wa uamuzi. Kinacholinganishwa ni idara moja na idara nyingine, na gharama huhesabiwa mpaka siku diploma inapokuwa mkononi.

## Mambo ya msingi

Chuo cha binafsi kina tofauti gani na cha Serikali mbele ya sheria?

Sheria ya elimu ya kitaifa ya tarehe 11 Februari 2014 inatambua aina zote mbili, na zote ziko chini ya Wizara ya Elimu ya Juu na ya Vyuo Vikuu, ile tuliyozoea kuiita ESU. Chuo cha binafsi hufunguliwa na kanisa, shirika au watu binafsi, hujitafutia fedha, na kinapaswa kufuata programu na kalenda zinazotolewa na Wizara. Kwa hiyo chuo cha binafsi kilichoidhinishwa kinatoa diploma inayotambuliwa na taifa, sawa na UNILU au taasisi za Serikali za ualimu (ISP), biashara (ISC) na ufundi wa tiba (ISTM). Neno lenye uzito hapa ni «kilichoidhinishwa», nalo linaelezwa katika swali linalofuata.

Nitajuaje kwamba chuo kinatambuliwa kweli?

Omba kuona hati, usiridhike na kibao kilichopo mlangoni wala na sare nzuri za wanafunzi. Chuo cha binafsi huanza kwa ruhusa ya muda ya kufanya kazi, inayotolewa kwa uamuzi wa Waziri, kisha hutarajiwa kupata idhini ya kudumu. Uamuzi huo una namba na tarehe, na chuo kisicho na la kuficha hukuonyesha nakala yake bila kununa. Soma hati yenyewe kwa makini, kwa maana ruhusa huweza kutaja idara fulani tu, na imewahi kutokea chuo chenye ruhusa halali kikafungua idara nyingine ambayo ruhusa hiyo haikuigusa. Mwanafunzi wa idara hiyo ndiye hugundua tatizo, tena akiwa amekwisha maliza masomo.

Wizara pia hutuma tume za kukagua kama vyuo vinastahili kuendelea, na hutangaza vile vilivyoonekana kustahili na vile vilivyoonekana havistahili. Uliza tume ilipita lini mara ya mwisho na ilisema nini. Tena uliza jambo la tatu, ambalo kwa maoni yetu lina uzito kuliko yote: diploma za wanafunzi waliomaliza miaka iliyopita zimekwisha thibitishwa na Wizara, yaani zimepitia ile hatua inayoitwa kwa Kifaransa «entérinement»? Mtafute mtu mmoja aliyemaliza katika idara hiyo hiyo, umwombe akuonyeshe yake. Chuo ambacho hakina hata mhitimu mmoja mwenye diploma iliyothibitishwa kinakuuzia ahadi.

«Lisansi» inayotolewa leo ni sawa na ile ya kaka zetu?

Hapana, na wazazi wengi hupiga hesabu kwa mfumo wa zamani bila kujua. Zamani mwanafunzi alisoma gradua kwa miaka mitatu, kisha lisansi kwa miaka miwili, jumla mitano. Mfumo wa LMD, ulioenezwa nchini kote kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, unaweka lisansi ya miaka mitatu yenye kredi 180, masteri ya miaka miwili yenye kredi 120, kisha doktora. Mwenye lisansi ya leo amesoma miaka ile ile ya mtu wa gradua ya zamani, ingawa jina la karatasi limepanda.

Hili linagusa mfuko moja kwa moja. Matangazo ya kazi ya kampuni za mikoa yetu ya migodi, Haut-Katanga na Lualaba, mara nyingi hayasemi lisansi wala masteri, bali husema «Bac+3» au «Bac+5», yaani miaka mitatu au mitano baada ya diploma ya Serikali. Ikiwa kazi anayoitamani mwanao inaomba Bac+5, basi gharama ya kweli ni ya miaka mitano, hata kama chuo kinakuonyesha bei ya mitatu. Uliza pia kama idara hiyo ina ruhusa ya kutoa masteri, maana vyuo kadhaa vya binafsi vina lisansi tu, na mwanafunzi hulazimika kwenda kuendelea kwingine.

## Gharama

Ada inayotangazwa ndiyo gharama yote?

Sivyo, wala katika vyuo vya binafsi wala katika vya Serikali. Ada ya masomo, ile ambayo risiti huiita «frais académiques», ni sehemu kubwa lakini haiko peke yake. Kuna fedha za kujiandikisha, za kuandikishwa kwenye kikao cha mitihani, silabasi za walimu, kazi za vitendo, staji (mazoezi ya kazi katika kampuni au ofisi), uchapishaji wa kazi ya kumaliza na kuitetea, halafu fedha za kutoa diploma yenyewe. Ongeza usafiri: kijana anayetoka Ruashi kwenda Kasapa, kwenye kampasi ya UNILU, kila siku hupanda gari zaidi ya moja, na kwa miaka mitano nauli peke yake inaweza kupita ada ya mwaka mzima wa chuo cha wastani. Anayetoka Likasi, Kolwezi au Kasenga huongeza kodi ya chumba na chakula.

Katika vyuo vya Serikali ada ni ndogo ila nyongeza zake hutawanyika na huja bila taarifa. Katika vyuo vya binafsi vilivyo makini nyongeza nyingi zimekwisha ingizwa ndani ya ada. Kwa sababu hiyo pengo halisi kati ya pande mbili huwa dogo kuliko linavyoonekana kwenye mabango. Omba orodha ya malipo yote, kutoka mwaka wa kwanza mpaka diploma, iliyoandikwa na kupigwa muhuri. Kisha mwulize mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ni nini alicholipa ambacho hakimo katika orodha hiyo.

Nifanye hesabu ya kulinganisha kwa namna gani?

Tuchukue namba za mfano tu, nawe uweke zako. Tuseme chuo cha binafsi kinaomba dola 900 kwa mwaka na cha Serikali dola 350. Kwa miaka mitano hiyo ni dola 4.500 upande mmoja na 1.750 upande wa pili. Usafiri wa dola 25 kwa mwezi, miezi kumi kwa mwaka, unafika dola 1.250 pande zote mbili, na tuweke dola 600 kwa staji, uchapishaji na mengineyo. Jumla ni dola 6.350 kwa 3.600, hivyo tofauti ni dola 2.750.

Sasa watetezi wa vyuo vya binafsi huleta hoja ya muda, nayo ni hoja nzito. Migomo ya walimu na kalenda zinazovutika zimewahi kufanya miaka mitano ya chuo cha Serikali iwe sita au zaidi. Mhitimu anayetangulia kwa mwaka mmoja, akipata kazi ya dola 300 kwa mwezi, ameingiza dola 3.600 wakati mwenzake bado anasubiri kikao cha mitihani, na tofauti yote ya ada imekwisha rudi.

Lakini hoja hiyo inasimama tu ikiwa kazi inapatikana mara baada ya kumaliza. Kijana anayemaliza mapema kisha akakaa nyumbani miaka miwili akisubiri kuitwa hajaokoa chochote; amesubiri mahali pengine tu. Ndiyo maana hatuwezi kujibu swali la gharama bila kujua idara. Katika idara ambazo soko linaziomba, kila mwaka unaookolewa una bei. Katika idara ambazo wahitimu wake wamejaa mjini bila kazi, kulipa ghali ili umalize haraka ni kununua kitu kisichokuwepo. Idara zenyewe zinatajwa chini, katika sehemu ya kazi.

Ada hulipwa kwa dola au kwa faranga?

Vyuo vingi hutaja bei kwa dola na kupokea hata faranga kwa kiwango cha siku, au kwa kiwango ambacho chuo chenyewe kimekipanga. Mzazi anayepata mshahara kwa faranga anabeba hatari ya faranga kushuka katikati ya mwaka. Uliza ni kiwango gani kinachotumika, lipa benki, na tunza bordero zote, yaani karatasi za benki zinazothibitisha malipo, mpaka diploma itoke. Bordero iliyopotea mwaka wa pili inaweza kugeuka deni mwaka wa tano.

Tunaweza kulipa kidogo kidogo?

Kwa kawaida ndiyo, kwa awamu mbili au tatu. Ujue tu kwamba awamu ya mwisho hufungamana na mtihani: asiyemaliza kulipa huzuiwa mlangoni. Panga likelemba yako, ule mchango wa kupokezana, izunguke ikufikie kabla ya tarehe hizo, si baada yake.

Je, inafaa kuuza parseli (kiwanja) ili kumsomesha mtoto chuo cha binafsi?

Tunajibu swali hili kwa uzito wote, kwa sababu tunajua familia ambazo zimefanya hivyo. Kwa maoni yetu, parseli ambayo familia inaishi juu yake, au ambayo kodi yake ndiyo inalisha nyumba, haiuzwi kwa ajili ya ada. Ardhi ya Lubumbashi ikitoka mkononi ni vigumu sana kuirudisha, na mshahara wa kwanza wa kijana, hata akipata kazi nzuri, hautoshi kununua parseli nyingine mahali palepale. Tena fedha ya kuuza ardhi huja yote kwa pamoja, na katika nyumba yenye wagonjwa, misiba na wadogo wanaosoma haifiki mwaka wa tatu.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote katika jambo hili: kuanza chuo ghali na kushindwa kukimaliza. Mwanafunzi aliyeacha mwaka wa pili wa chuo cha dola 900 amepoteza zaidi kuliko aliyemaliza chuo cha dola 350, na hana karatasi ya kuonyesha kwa mwajiri. Kipimo chetu ni hiki: ikiwa familia haioni fedha ya walau miaka mitatu ya kwanza kutoka katika kipato cha kawaida, mshahara, biashara au msaada wa ndugu aliyekwisha thibitisha kwa vitendo, basi chuo hicho ni ghali kwenu, hata kama ni kizuri.

## Ubora wa masomo

Walimu wa vyuo vya binafsi si ndio wale wale wa UNILU?

Mara nyingi ndiyo. UNILU ilifungua milango mwaka 1956, ikaunganishwa na vyuo vikuu vingine kuwa UNAZA mwaka 1971, kisha ikapata tena uhuru wake mwaka 1981. Kwa muda mrefu ndiyo ilikuwa kisima cha maprofesa wa Katanga nzima, na vyuo vya binafsi, vilivyoongezeka hasa kuanzia miaka ya 1990, viliwachota humo. Hivyo familia huuliza kwa haki: kwa nini tulipe mara mbili au tatu kwa mwalimu yule yule?

Jibu liko katika namna mwalimu huyo anavyofika darasani. Profesa mgeni anayekuja wiki mbili, akamaliza kozi ya saa 60 kwa kufundisha asubuhi mpaka jioni na kuondoka, hakupi unachokilipia. Profesa yule yule akiwa na wanafunzi arobaini badala ya mamia, akasahihisha kazi zao na kuzirudisha, anakupa kitu ambacho ukumbi uliojaa hauwezi kukupa. Kwa hiyo usiulize chuo kina maprofesa wangapi. Uliza ni wangapi wa kudumu katika idara yako, wanafunzi wa mwaka wa kwanza ni wangapi, na nani anasimamia kazi za vitendo. Msaidizi wa kudumu aliyepo kila siku kwenye maabara ana thamani kuliko jina kubwa linalopita.

Nipime ubora wa idara kwa njia gani kabla ya kulipa?

Nenda siku ya masomo, si siku ya milango wazi. Ingia maktaba uone kama kuna watu, na kama vitabu vina alama za kushikwa. Kwa masomo ya kompyuta, uhandisi na tiba, omba kuona maabara inayofanya kazi, na uliza inafanyaje wakati umeme wa SNEL umekatika, kwa sababu utakatika. Uliza mwaka uliopita ulianza tarehe gani na ukafungwa tarehe gani, ulinganishe na kalenda ya Wizara. Kisha zungumza na wanafunzi watatu bila kiongozi wa chuo kuwapo.

Jihadhari na chuo ambamo kila mtu hufaulu. Waajiri wa hapa wanajua vyuo ambavyo alama zake hazina uzito, na sifa hiyo humfuata hata mwanafunzi aliyesoma kwa bidii.

## Kazi

Kampuni za migodi hupendelea wahitimu wa chuo gani?

Hakuna jibu moja, lakini kuna mambo yanayoonekana wazi. Kwa uhandisi wa migodi, metalurjia na jiolojia, UNILU ina uzito wa historia: wahandisi wengi waliopitia Gécamines, kampuni ya migodi ya Serikali, na ambao leo ni wakuu wa idara katika kampuni mpya, walisoma hapo, na mtu humwamini kwa urahisi aliyepita alipopita yeye. Chuo cha binafsi kinachofungua uhandisi wa migodi bila maabara ya madini na bila makubaliano ya staji hakiwezi kufuta pengo hilo kwa matangazo.

Katika kompyuta, mitandao, usimamizi, uhasibu na ugavi, hali ni tofauti. Hapo mwajiri hupima kwa mtihani wa maandishi na wa vitendo, na mhitimu wa shule kama ESIS Salama, au wa chuo cha binafsi kama Don Bosco au Nouveaux Horizons, anaingia chumba cha mtihani sawa na mwingine yeyote. Kinachoamua ni kama anaweza kutengeneza jedwali la hesabu bila msaada, kuandika ripoti inayosomeka na kueleza alichofanya kwenye staji.

Tusisahau pia kampuni ndogo. Tangu sheria ya tarehe 8 Februari 2017 ilipoweka kazi za sutretansi, yaani zile ambazo kampuni kubwa huzigawia kampuni nyingine, mikononi mwa kampuni zenye mtaji wa Wakongomani, kazi nyingi za usafirishaji, ujenzi, matengenezo, chakula na ulinzi hupitia humo. Kampuni hizi zinahitaji wahasibu, mafundi na wasimamizi, na mara nyingi huangalia uwezo kabla ya jina la chuo. Mishahara yake kwa kawaida ni midogo kuliko ya mgodi wenyewe, hivyo fanya hesabu ya swali la gharama kwa mshahara huo, wala si kwa ule wa jirani anayefanya kazi katika mgodi mkubwa wa Tenke Fungurume.

Ni idara zipi zinazostahili kulipiwa ghali?

Tunaweka maoni yetu bila kuyaficha. Kompyuta na mitandao, ndiyo, ikiwa vifaa vipo na madarasa ni madogo. Umeme na ufundi wa mitambo, ndiyo, kwa sharti hilo hilo. Tiba, kwa tahadhari kubwa: masomo huchukua miaka isiyopungua sita, hospitali ya kufundishia ni lazima iwepo kweli, na daktari hafanyi kazi bila kuandikishwa kwenye Baraza la Waganga, hivyo hati za chuo zikiwa na kasoro kila kitu kinasimama. Uhasibu na usimamizi, pengine, ikiwa chuo kina mazoea ya kuwapeleka wanafunzi staji benki na kwenye kampuni.

Sheria, mahusiano ya kimataifa, sosholojia na mawasiliano, mara chache. Hatuyadharau masomo haya. Taifa linahitaji mawakili na watafiti wazuri. Ila uzuri wake unatokana na kusoma sana na kuandika sana, mambo ambayo kijana mwenye bidii huyafanya hata katika chuo cha ada ndogo, na njia ya kufikia kipato baada ya diploma ni ndefu. Wakili, kwa mfano, hupita kipindi cha staji katika baraza la mawakili kabla ya kusimama peke yake, na katika kipindi hicho anahitaji bado kusaidiwa na familia. Fedha uliyookoa kwenye ada itamfaa hapo.

Kiingereza kina uzito gani?

Mkubwa, na unazidi kukua. Tenke Fungurume iko chini ya CMOC ya China tangu mwaka 2016, Kamoto iko chini ya Glencore ya Uswisi, na Kamoa-Kakula inaongozwa na Ivanhoe ya Kanada pamoja na Zijin ya China. Ripoti za kiufundi na mikutano mingi huko hufanyika kwa Kiingereza. Chuo kinachofundisha kozi kadhaa kwa Kiingereza kwa kweli, si saa mbili za sarufi kwa wiki, kinaongeza thamani unayoweza kuipima. Kama hakuna, tenga fedha ya kituo cha lugha tangu mwaka wa kwanza. Mwaka wa mwisho umechelewa.

Si kazi hupatikana kwa kujuana tu?

Kujuana kupo, na mtu anayekana hilo hajatafuta kazi mjini hapa. Ila kujuana hufungua mlango wa mtihani mara nyingi zaidi kuliko kunavyokupa kazi ukiwa huna uwezo. Hapa chuo kina nafasi yake: staji ndiyo njia halali ya kujulikana. Uliza chuo kina makubaliano yaliyoandikwa na kampuni zipi, nani humtafutia mwanafunzi mahali, na staji ni ya muda gani. Vyuo vingi humpa mwanafunzi barua tu na kumwambia akatafute mwenyewe. Chuo kinachompeleka kweli na kumfuatilia kazini kimejipatia sehemu nzuri ya ada yake.

## Hali za pekee

Tunaweza kumwanzisha chuo cha binafsi kisha kumhamishia UNILU, au kinyume chake?

Kwa LMD kredi zinapaswa kuhamishika, lakini chuo kinachopokea ndicho huamua ni zipi kinazikubali, na mwanafunzi anaweza kurudishwa mwaka nyuma au kupewa kozi za nyongeza. Kabla ya kuhama, peleka nakala ya alama kwenye aparitora (ofisi ya uandikishaji) ya chuo kipya na upate jibu la maandishi. Kuhama baada ya lisansi kamili ni salama kuliko kuhama katikati. Familia yenye fedha ya miaka michache tu inaweza kupanga hivyo tangu mwanzo: lisansi upande mmoja, masteri upande mwingine.

Mimi nafanya kazi tayari. Masomo ya jioni yana thamani?

Kwa mtu mwenye kazi, tunaona hapa ndipo vyuo vya binafsi hufaa kuliko mahali pengine. Huna mshahara unaopoteza, na karatasi inaweza kukupandisha cheo pale pale ulipo. Mwulize kwanza mkuu wa wafanyakazi kama diploma hiyo itabadilisha daraja lako. Akikujibu kwa mashaka, ngoja.

Je, Zambia si nafuu zaidi?

Kasumbalesa iko karibu, kama kilomita 90, na vijana wengi huvuka kwenda Kitwe, Ndola au Lusaka kwa ajili ya Kiingereza. Ada yaweza kukaribiana na ya vyuo vyetu vya binafsi, lakini ongeza chumba, chakula, kibali cha kukaa na safari za mpakani. Mwanafunzi akirudi, diploma yake inahitaji kupewa usawa na Wizara ya ESU kabla ya kutumika katika kazi za Serikali na katika taaluma zinazosimamiwa na mabaraza. Hakikisha pia kwamba chuo chenyewe kinatambuliwa huko Zambia, kwa maana vyuo visivyotambuliwa vipo hata ng'ambo ya mpaka.

Mtoto hana hamu ya chuo kikuu. Kuna njia nyingine yenye heshima?

Ipo. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi iliyoundwa mwaka 1964, ina kituo Lubumbashi na hufundisha uchomeleaji, umeme, mekanika, ubaridishaji na fani nyingine kwa miezi badala ya miaka. Fundi mzuri wa umeme wa viwandani hapa Katanga anaweza kupata kazi kabla ya mwenye lisansi ya sosholojia, na hakuna kinachomzuia kusoma chuo cha jioni baadaye kwa fedha yake mwenyewe. Tunasikitika kuona wazazi wakiona haya kutaja INPP mbele ya majirani.

Chuo kikinizuilia diploma kwa sababu ya deni, nifanye nini?

Omba taarifa ya deni kwa maandishi, ilinganishe na bordero zako, kisha pendekeza mpango wa kulipa uliosainiwa na pande zote. Wakati huo omba walau cheti cha muda kinachoonyesha kwamba umemaliza, ambacho waajiri wengi hukipokea kwa muda mfupi. Usiende kwa mtu wa ofisini anayeahidi kukutolea kwa njia ya pembeni: diploma isiyopita kwenye orodha ya Wizara hugunduliwa siku mwajiri anapoihakiki, na hapo hupotea kazi pamoja na jina.

Tuna watoto wawili wanaoanza pamoja na fedha inatosha chuo cha binafsi kwa mmoja tu. Nani apewe?

Katika nyumba nyingi jibu hutolewa bila hata kujadiliwa: mvulana hupewa chuo ghali, msichana huambiwa avumilie au angoje ndoa. Tunawasihi wazazi wasifanye hivyo. Angalieni idara ambayo kila mmoja anaitaka na mwone ni ipi inapungukiwa zaidi katika chuo cha Serikali. Ikiwa msichana anataka mitandao ya kompyuta na kaka yake anataka historia, fedha ya chuo cha binafsi ina faida zaidi kwa msichana, na kaka atapata maktaba na maprofesa wa kumtosha UNILU. Ikiwa wote wanataka idara moja, kuna familia ambazo huwapeleka wote chuo cha ada ndogo na kutumia tofauti kununua kompyuta moja nzuri, intaneti ya nyumbani na masomo ya Kiingereza kwa wote wawili. Mpango huo tumeuona ukifanya kazi, hasa pale ambapo watoto hao hukaa meza moja jioni na kusahihishana. Andikeni makubaliano yenu ya familia mapema, mkitaja nani analipa nini na mpaka mwaka gani, ili mjomba aliyeahidi awamu ya mwaka wa tatu asije akaisahau.